Siku Niliyoitikia Jina la Padiri

Nianze na aibu yenyewe, kabla mtu wa Saio hajaisimulia kwa niaba yangu, maana wenyewe wanaisimulia vizuri kuliko mimi na kila msimu wanaongeza kipande: mimi ndiye yule wanayemwita Padiri Furomaji. Ingia Saio, mtaa wa kwetu kule Bunia, ulizia jina hilo, watakuonyesha nyumba ya dada yangu Eliza, halafu watacheka, halafu (hili nimeliona kwa macho yangu) mmoja wao ataacha kucheka kabla ya wenzake, kwa sababu atakuwa amekumbuka kwamba ndani ya kichekesho hicho kuna mtu aliyekufa.

Jina langu la nyumbani ni Safari. Kwetu jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa njiani, lakini mimi nilizaliwa kitandani kwa mama yangu kama watu wengine, nililirithi tu kwa mjomba, na likanishika miguu. Nilipomaliza sekondari niliuza viatu Ariwara, nikashuka ziwani kupakia samaki, nikavuka Uganda, nikarudi, nikateremka hadi Butembo, na kila mahali nilikaa muda wa kutosha tu kuanza kukumbuka mahali nilipotoka, na nikishaanza kukumbuka, basi, nafunga mfuko. Nikiwa mbali natamani nyumbani, nikifika nyumbani natamani mbali. Ndivyo nilivyozunguka mpaka ndevu zikaanza mvi, na siku moja nikaomba maji kwenye lango la monasteri moja huko milimani, wakanipa maji, wakanipa na kitanda, nami nikabaki.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu mkasa wote umesimama juu yake, na watu wengi, hata wanaosali kila Jumapili, hawalijui. Wote tuliomo mle monasterini tunavaa kanzu nyeupe, lakini si wote ni mapadiri. Mapadiri ni wachache, wale waliowekewa mikono na askofu. Sisi wengine ni watawa tu, mafurere, yaani ndugu. Padiri ni mtu wa kuitwa: anaitwa kwenye ubatizo, kwenye ndoa, kwenye mgonjwa, kwenye kaburi, anapanda pikipiki na kanzu yake imekunjwa ndani ya mfuko, watu wanamwagia maisha yao masikioni na anatakiwa kuwa na la kuwajibu. Mtawa ni mtu wa kubaki. Anaamka gizani kusali, anafanya kazi, anasali tena, analala, na wala hakuna anayemwita popote. Kazi yangu mimi ilikuwa ng'ombe na furomaji, yaani jibini: kukamua, kugandisha maziwa, kuziosha furomaji kwa maji ya chumvi na kuzigeuza juu ya mbao ndani ya chumba baridi ambamo hakuna anayeongea. Niliipenda kazi hiyo. Baada ya barabara zote zile, niliupenda mlango uliofungwa.

Sasa, ulipokaribia wakati wa kuweka nadhiri za kudumu, abati wetu (ndiye mkubwa wa monasteri, mzee wa maneno machache) aliniita akaniambia, "Safari, enda kwenu kwanza. Ukaone watu wako. Mtu hawezi kuahidi kubaki kama hajui anaacha nini." Nikachukua shati mbili, kanzu, na furomaji moja ya kumpelekea rafiki yangu wa shule, nimeifunga ndani ya kitambaa cheupe kama tunavyozifunga sisi. Nikafika Bunia, nikafikia kwa dada Eliza.

Asubuhi moja dada akanituma sabuni. Nikaona nitapitia na kwa yule rafiki. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa mtu mjinga: nikavaa kanzu. Dada alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Weye unaenda kununua sabuni ao unaenda kusoma misa?"

"Shati bado ziko na maji," nikamwambia.

"Shati zako ziko kavu. Nimeanua mwenyewe."

Ningemjibu nini? Kwamba nilitaka Saio wanione? Watu wale walinijua nikiwa mtu wa kuja na kuondoka, walishaniambia uso kwa uso kwamba sitakaa na kazi, sitakaa na mke, sitakaa na chochote, na mimi katika miaka yangu ya arobaini nilitaka nipite mara moja tu barabarani nikiwa mtu aliyekuwa kitu. (Mtawa anafundishwa kuyakimbia majivuno. Mimi niliyavalisha kanzu nikayatembeza.)

Bomba la maji liko kona, na asubuhi pana wanawake na madumu yao. Mmoja akasema, "Bonjour, padiri." Hapo ningeweza kusema, mama, mimi si padiri, nikapita zangu. Lakini lilisemwa kwa heshima nzuri sana, na wengine wakageuka, na mmoja akavuta kitenge kichwani, na mkono wangu wa kulia, sijui nani aliuamuru, ukapanda juu ukawabariki.

Nilikuwa nimeshalipita bomba nikasikia mtu ananifuata mbio. Alikuwa mama mmoja wa watu waliohamia kwetu kutoka upande wa Butembo, anaitwa Mama Riziki, anauza vitenge sokoni. Dumu lake alikuwa ameliacha pale pale, maji yanamwagika.

"Padiri, samahani. Baba yangu iko anakufa. Tangu juzi anaita tu padiri, padiri, hata uji anakatala."

Nikasema haraka, "Mama, miye iko furere."

Ndiyo, nilisema. Dada yangu haamini mpaka leo, lakini nilisema. Shida ni kwamba kwetu siku hizi kila mtu ni furere. Katika vikundi vya maombi, katika makanisa ya uamsho, jirani yako ni furere, fundi wa redio ni furere, hata anayekudai anakuita furere kabla ya kukutukana. Mama Riziki akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Siye wote tuko bafurere mu Kristo, padiri. Twende."

Nami (hapa sasa ndipo kosa lenyewe, mengine yote ni matawi yake) nikajiambia moyoni kwamba ukweli nimeshausema, kama hakuusikia si shauri langu, na kwamba nitakwenda kusali naye kidogo, kusali najua, kisha nitawaambia polepole waite padiri. Nikamfuata.

Tulipofika kwao, mume wake, Kakule, alikuwa uani ameshapanda pikipiki na injini inanguruma. Simu ya parokia alikuwa ameipiga asubuhi yote haipatikani, ikabidi aende mwenyewe. Mama Riziki akampungia mkono toka mbali.

"Zima, Kakule. Zima pikipiki. Mungu amenikutanisha na padiri njiani."

Nikasema, "Labda aende tu. Padiri wa parokia anamujua muzee kuliko miye."

"Njia ya kule iko matope tupu tangu mvua ya jana," Kakule akasema. "Na weye uko hapa. Karibu, padiri."

Akazima. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Injini ile ilipokufa nilihisi kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje, na bado mdomo wangu haukufunguka, maana uani palikuwa pamejaa majirani, waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki na mikeka, na sasa wote walikuwa wamesimama kwa ajili yangu.

Wakaninawisha mikono. Ndani, karibu na kitanda cha mzee, walikuwa wameandaa meza kama wanavyofundishwa Wakristo kuandaa kwa ajili ya mpako wa wagonjwa: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, glasi ya maji na tawi bichi. Mama Riziki akaona kile kifurushi changu cheupe, akakipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Mafuta iko mu hii, padiri?"

"Hapana, mama. Iko zawadi tu."

"Zawadi ya Mungu," akasema, akakiweka mbele ya msalaba. Furomaji yangu ikakaa pale, kati ya mshumaa na maji, nami nikaiangalia, na nasema kweli, siku hiyo ilikuwa na adabu kuliko mimi kwa sababu ilinyamaza bila kudanganya mtu.

Mzee mwenyewe, Muzee Yosefu, alikuwa amebaki mifupa na macho. Sikio lake moja halikusikia kabisa na la pili lilisikia likitaka. Alipoiona kanzu akajikokota kidogo juu ya mto, akawaambia watoto wake kwa sauti ambayo sikudhani anayo, "Tokeni. Nataka kuungama."

Wakatoka. Pazia likashuka. Nje wakaanza kuimba polepole, kama wafanyavyo watu wakitaka mgonjwa ajue kwamba hawasikilizi.

Nikapiga magoti karibu naye, nikamwambia sikioni, "Muzee, sikia. Miye iko furere. Iko furere tu."

"Ndiyo," akasema. "Padiri ndiyo furere ya watu wote. Nibariki, nimekosa." Akanishika mkono wa kanzu, akaanza.

Ningetoka, mtaniambia. Ningeziba masikio. Nami nawaambia hamjawahi kushikwa nguo na mtu anayekufa. Vidole vyake vilikuwa vikavu kama vijiti na vilishika kwa nguvu zote zilizobaki mwilini mwake, na kila nilipojivuta kidogo alidhani namkatia tamaa, akaongea haraka zaidi. Nikakaa. Nikasikia. Alichosema sikiandiki hapa, wala msinitafutie njia ya pembeni ya kukijua. Alisema mpaka mwisho. Kisha akafumba macho, akainamisha kichwa kama mtoto wa komunyo ya kwanza, akangoja.

Nje walikuwa wamefika ubeti wa mwisho na walikuwa wanaurudia.

"Padiri," akasema, macho bado amefumba. "Neno."

Neno hilo nalijua. Nimeungama mara nyingi katika maisha yangu, nimelisikia likisemwa juu ya kichwa changu na mapadiri wa kila namna, nalijua toka la kwanza mpaka amina. Lingetoka mdomoni bila shida, na mzee angekufa akitabasamu, na hakuna mtu chini ya jua angejua. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda tena, mkono ule ule wa bombani. Lakini ingekuwa kumlisha mtu mwenye njaa picha ya chakula. Nikaushusha. Nikaweka mdomo kwenye lile sikio lake zima nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Muzee, nisamehe. Miye si padiri. Miye ni mutawa wa monasteri, nachunga ng'ombe. Askofu hakuniwekea mikono. Siwezi kukuondolea dhambi."

Akafumbua macho. Aliniangalia kwa muda mrefu, si kwa hasira, hilo ndilo lililoniumiza. Vidole vyake vikaachia kanzu kimoja kimoja.

"Basi umesikia bure," akasema. Na baadaye kidogo, "Nimevua nguo mbele ya mupita njia."

Nikainuka toka magotini.

"Ita mwenye anaweza. Upesi. Miye siwezi kusema mara mbili."

Nikatoka. Wimbo ukakatika, wote wakaniangalia kwa uso ule wa watu wanaotarajia habari njema, na mimi nikasimama pale mlangoni na kanzu yangu nyeupe nikasema, "Muniwie radhi. Miye si padiri." Mmoja akacheka kidogo, akidhani ni unyenyekevu.

"Ulisema uko furere," Mama Riziki akasema.

"Furere wa monasteri, mama. Furere ambaye hana upadiri. Siwezi kuungamisha mutu. Muitie padiri, muzee bado iko na pumzi."

"Na ile mu kitambaa?"

Kabla sijajibu akaingia ndani, akatoka na kifurushi, akakifungua mbele ya watu. Harufu ikatoka kwanza (furomaji iliyokaa vizuri ina harufu ya miguu ya askari, sina njia nyingine ya kusema). Wa mbele wakarudi nyuma hatua moja.

"Furomaji," akasema mama mmoja wa makamo, Mama Loti, ambaye zamani alikuwa na meza ya viatu Ariwara karibu na yangu, na kumbe muda wote ule alikuwa ananikodolea macho. "Ngoja kwanza. Huyu si Safari? Huyu si kaka ya Eliza? Huyu alikuwaga anauzia watu viatu kule, muguu moja ndogo, quarante, ya pili kubwa, quarante-deux."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu walio kwenye huzuni ambao hawakutaka kucheka, kikatoka kwa nguvu na kikakatika ghafla, na baada yake aibu ikawa yao pia, na hilo nalo wakanihesabia mimi. Kakule peke yake hakucheka. Alikuwa ameutoa ufunguo mfukoni, anauangalia kiganjani.

"Nilikuwa nimeshawasha," akasema. Si kwa sauti kubwa. "Nilikuwa nimeshawasha."

Akaondoka na pikipiki, matope yakarukia nguo zilizoanikwa. Muda ukapita, simu ya Mama Riziki ikalia, akasikiliza, akakata. Padiri alikuwa ametoka parokia muda si mrefu, ameitwa kwenye mazishi Bogoro, na huko simu haishiki. Mlinzi wa lango amesema wangewahi kidogo tu wangemkuta anafunga mfuko. Kakule alikuwa anamfuata.

Nikaanza kukunja pindo la kanzu niondoke. Mama Riziki akasimama mbele yangu.

"Hautoki."

"Mama, niko aibu kwenu hapa."

"Aibu utaibeba nyuma ya hii. Kusamehe haujui, sawa. Kusali unajua, ao hiyo pia ni ya uongo? Kaa na yeye. Siwezi kumuacha peke yake, na akiniona analia."

Nikarudi ndani. Monasterini kila jioni tunawaombea wanaokufa siku hiyo, wote kwa pamoja, duniani kote, bila jina hata moja, na nakiri kwamba mara nyingi wakati huo mimi huwa nawaza chakula cha usiku. Sasa nilikuwa na mmoja mwenye jina. Nikasema zaburi ninazozijua kwa moyo, moja baada ya nyingine, na zilikuwa nzito mdomoni kama mawe. Muzee Yosefu alikuwa amegeukia ukuta. Sijui kama alisikia. Saa kwa saa aliuliza neno moja tu.

"Bado?"

"Bado, muzee. Anakuja."

Kisha "Bado?" ikawa midomo bila sauti. Kisha midomo nayo ikatulia, ikabaki pumzi.

Padiri alifika jua likielekea kuzama, amechafuka matope mpaka magotini, mtu wa umri wangu, macho mekundu kwa upepo na usingizi. Hakuniuliza kitu. Aliingia, tukatoka, akakaa humo. Alipotoka aliwaambia watu wa nyumba kwamba ameshampa ondoleo na mpako, kwamba mtu ambaye hawezi tena kusema lakini alitaka kusema, Kanisa halimwachi, na Mungu alimsikia tangu juzi. Mama Riziki akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, lakini niliona kwamba ndani alikuwa anauliza lingine: baba yake alijua? Alilisikia lile neno alilolingoja, au alikwenda akidhani bado? Hilo hata padiri hakulijua. Mzee alikata roho watu wakiwa wanawasha taa.

Padiri alinikuta nimesimama kando ya ua. Akakaa juu ya tofali, akaanza kukwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Alisema kwako?"

"Ndiyo, padiri. Yote."

"Usiniambie."

"Sikuwa na nia ya—"

"Hata miye usiniambie. Hata abati wako. Weye si padiri, lakini mutu aliungama, na weye ukasikia, basi imekufunga weye pia. Mpaka kaburi."

Nikamwuliza wao wanabebaje. Sikuuliza kwa ujanja, nilitaka kujua kweli. Akafikiri, kijiti mkononi.

"Neema ya Mungu iko. Na siye tunabeba nyingi sana, furere. Moja inafunika ingine. Weye uko na moja tu."

Akapanda pikipiki, kulikuwa na mgonjwa mwingine mahali fulani.

Nilidhani nimefika mwisho wa aibu. Ile ya kuchekwa kweli niliizoea haraka, watu wakaniita Padiri Furomaji siku zote za kilio, dada Eliza akawa haendi bombani mchana. Nilidhani nitaondoka kimya kimya. Lakini baada ya maziko Mama Riziki akaja nyumbani, kitenge cha kilio kiunoni, akakaa kwenye kiti nilichomtolea, akasema bila hasira yoyote:

"Kama ungekuwa padiri nisingekuja. Padiri haulizwi. Lakini weye si padiri, ulisema mwenyewe mbele ya watu. Sasa niambie. Baba alisema nini?"

"Siwezi, mama."

"Tuliachana vibaya miaka mingi, miye na yeye, ju ya ndoa yangu. Alikuja kuishi kwangu akiwa amegonjwa, hatukuongea ile mambo hata siku moja. Nataka kujua tu, alikuwa na kinyongo na miye? Sema ndiyo, ao sema hapana."

"Hata hiyo siwezi."

Dada yangu akaingilia, naye alikuwa na machozi. "Mwambie hapana, Safari. Neno moja. Inakupunguzia nini?"

Na kama ningesema hapana? Kesho Kakule angekuja na swali lake (alikuja kweli, keshokutwa yake, kuhusu kiwanja cha Butembo), na ndugu wengine na yao, na pale ambapo ningenyamaza wangejua kwamba hapo ndipo penyewe. Nimelifikiria hilo sana, ni sahihi, abati baadaye aliniambia ni sahihi. Lakini kulifikiria ni jambo moja, na kumwangalia mtoto wa marehemu usoni ukiwa na baba yake ndani ya masikio yako ni jambo lingine. Yeye akangoja, mikono juu ya magoti, kama vile baba yake alivyongoja.

Mwisho akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Sawa," akasema. "Basi umetunyang'anya mara mbili." Akamshukuru dada kwa kiti, akaenda.

Nilirudi monasterini. Wapo wanaosema mkasa huu ulinifanya mtakatifu, kwamba ndiyo sababu niliweka nadhiri za kudumu mwaka ule ule. Si kweli, nami sitaki kusifiwa kwa jambo nisilolifanya, nimeshaona linakofikisha. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimechoka na barabara, na kwa sababu sikutaka tena kupita mahali ambapo mtu anaweza kusimama mlangoni akaniuliza. Ninakwenda Bunia mara chache sana, na nikienda navaa shati. Na mtu yeyote akiniita padiri, iwe kwenye lango letu, iwe sokoni, iwe mbele ya watu mia, nasimama pale pale kabla ya hatua nyingine, wala sisemi tena furere, neno hilo sina imani nalo. Nasema hivi: "Mimi siwezi kukuondolea dhambi. Subiri hapa nikuitie anayeweza." Wengine wanashangaa, walikuwa wanataka tu kuuliza njia.

Ng'ombe wapo, kazi ni ile ile. Asubuhi naingia kwenye chumba baridi, nazigeuza furomaji juu ya mbao, hakuna anayeongea. Zamani nilikipenda kimya cha humo kwa sababu hakikuwa na mtu. Sasa kina Muzee Yosefu, amefumba macho, anangoja.